Kati ya kukashifu na kuthibitisha: kitabu «Noir Canada» mbele ya mahakama

0. Utangulizi

Mwezi wa Aprili 2008, shirika la uchapishaji Écosociété la mjini Montréal, nchini Kanada, lilitoa kitabu cha Kifaransa kiitwacho «Noir Canada», chenye kichwa kidogo ambacho maana yake ni «uporaji, rushwa na uhalifu barani Afrika». Waandishi wake ni watatu: Alain Deneault, Delphine Abadie na William Sacher. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ya dhahabu ya Barrick Gold ilikuwa imekwisha kuwashtaki waandishi na mchapishaji wao huko Québec, ikidai fidia ya dola za Kanada milioni 6. Mwezi wa Juni, kampuni ya Banro, iliyokuwa na haki za kuchimba dhahabu katika Kivu Kusini na Maniema, ilifungua shauri la pili katika mkoa wa Ontario, ikidai milioni 5. Shirika lililodaiwa jumla ya dola milioni 11 lilikuwa dogo, na deni la namna hiyo lilizidi mara nyingi mapato yake ya mwaka mzima.

Kisa hiki kilitokea mbali, lakini hakiko mbali na wasomaji wa Kiswahili. Migodi iliyozusha ugomvi iko katika nchi zao: Bulyanhulu, kusini mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania; Twangiza na Namoya mashariki mwa Kongo. Watu ambao kitabu kilidai kuwasemea huongea Kiswahili kila siku. Tena swali lililoulizwa Montréal na Toronto ndilo linalomkabili mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anapoandika tasnifu kuhusu mgodi ulio jirani naye: mtaalamu anaruhusiwa kusema nini juu ya mwenye nguvu, akiwa na ushahidi wa kiasi gani, na ni nani atakayempima?

Makala haya yanakihakiki kitabu chenyewe kwanza, kisha mashtaka yaliyokifuata. Hoja inayotetewa ni kwamba kitabu kilikuwa na kasoro za kweli, na kwamba kasoro hizo zilistahili kupimwa na wahakiki. Sheria ya kashfa ilipoingia, haikuipima hata moja hadi mwisho.

1. Maneno matatu

Inafaa kuanza na lugha, kwa sababu Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo sheria nyingi huyachanganya. Anayemsingizia mtu humbandika tendo ambalo hakulitenda. Uongo umo ndani ya neno lenyewe. Anayemsengenya humsema akiwa hayupo, na anayoyasema yaweza kuwa kweli tupu. Kosa lake ni mahali na namna ya kusema. Anayemkashifu humfunulia mambo yake mbele za watu. Neno «kashfa» lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufunua, na hadi leo lina sura mbili: kashfa ni tusi linalovunja heshima ya mtu, na kashfa pia ni aibu ya kweli iliyokuwa imefichwa, kama vile watu wanavyosema kashfa ya fedha za umma.

Basi neno moja linabeba kosa la msemaji na kosa la msemwa. Anayefunua wizi na anayemzulia mtu wizi wote wawili wamekashifu. Tofauti yao iko katika ushahidi, nayo haionekani mpaka ushahidi uchunguzwe. Hapo ndipo mtaalamu anaposimama. Kazi yake ni kufunua, na kila anayefunua anaweza kuitwa mkashifu tangu siku ya kwanza.

Sheria nazo hazifanani. Huko Ontario, ambako mapokeo ya sheria ya Kiingereza yanafuatwa, ukweli ni ngao kamili, ila mzigo wa kuuthibitisha umo mabegani mwa aliyeandika. Huko Québec, kwenye mapokeo ya sheria ya kiraia ya Kifaransa, mahakama huuliza kama mwandishi alikosa uangalifu, na hata aliyesema kweli aweza kulipishwa akiwa hakuwa na sababu ya haki ya kuisema. Nchini Kongo, kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu kinamlenga yule ambaye, kwa nia mbaya na hadharani, amembandika mtu tendo maalumu linaloweza kuvunja heshima yake au kumtia katika dharau ya watu. Maneno ya kifungu hicho hayaanzi kwa kuuliza kama tendo lilitendeka. Hivyo mwandishi mmoja, kwa ukurasa mmoja, aweza kuwa salama katika nchi moja, mdaiwa katika ya pili na mfungwa katika ya tatu.

2. Kitabu na kasoro zake

«Noir Canada» ni kitabu cha mkusanyo. Waandishi hawakwenda migodini kuhoji watu. Walikusanya yale yaliyokuwa yamekwisha kuchapishwa juu ya makampuni ya Kanada barani Afrika: taarifa za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ripoti za mashirika ya kutetea haki, habari za magazeti, vitabu vya watafiti wengine. Walivipanga vyote pamoja ili kuonyesha kwamba serikali ya Kanada na soko la hisa la Toronto, ambamo wakati huo zaidi ya nusu ya makampuni ya madini ya dunia yalikuwa yameandikishwa, vinayapa makampuni hayo kivuli cha kujificha. Hatimaye walidai tume huru iundwe ili kuchunguza.

Sifa ya kazi hiyo haifichiki. Habari zilizotawanyika katika lugha mbalimbali na nchi mbalimbali zilipata kusomwa mahali pamoja, na msomaji aliyejua jambo moja la Kivu na jingine la Ghana akaweza kuona uzi unaoyaunganisha. Mkusanyo ni kazi ya kitaalamu kamili. Kama mtafiti angekatazwa kurudia yaliyochapishwa na wengine mpaka ayathibitishe yote upya kwa macho yake, historia ya Afrika isingeandikwa.

Hata hivyo, mkusanyo una nidhamu yake, na hapa ndipo kitabu kinapolegea. Vyanzo vyake havina uzito mmoja. Taarifa ya jopo la Umoja wa Mataifa, ambalo mwezi wa Oktoba 2002 lilitangaza orodha ya makampuni 85 kuhusu biashara ya mali ya asili ya Kongo, iliandikwa na chombo kilichowapa waliotajwa nafasi ya kujibu, na baadaye jopo hilo lilitangaza kwamba kesi nyingi katika orodha hiyo zimepatiwa ufumbuzi. Habari ya gazeti ni kitu kingine. Ushuhuda wa mdomo uliokusanywa na shirika la wanasheria ni kitu cha tatu. Vikipangwa katika mstari mmoja, msomaji hupokea jumla, naye hana njia ya kujua ni kipi kinachokibeba kingine. Kichwa kidogo cha kitabu kinazidisha udhaifu huo: kinatamka uporaji na uhalifu kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa, ilhali kurasa za ndani zinaomba tume ichunguze. Anayeomba uchunguzi anakiri kwamba bado hajui yote. Anayetamka uhalifu jaladani anadai kujua.

Mfano mzito zaidi ni Bulyanhulu. Mwezi wa Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo na mashimo yao yakafukiwa. Wakati huo haki za mgodi zilikuwa za kampuni nyingine ya Kanada, Sutton Resources. Barrick iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999. Yalitokea madai kwamba baadhi ya wachimbaji walifukiwa wakiwa hai. Serikali ya Tanzania na makampuni yaliyohusika yalikanusha. Madai hayo yalikuwa na historia ya mashtaka hata kabla ya «Noir Canada». Gazeti la Observer la London, lililoyaandika mwezi wa Novemba 2000, lilishtakiwa na Barrick, likamaliza shauri mwaka 2001 kwa kuomba radhi. Nchini Tanzania kwenyewe, wanasheria wa shirika la LEAT waliodai uchunguzi huru, miongoni mwao Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, walifunguliwa mashtaka ya uchochezi.

Jambo lililokwisha kugombaniwa kiasi hicho lilihitaji kushikwa kwa vidole vya mganga. Hapa elimu ya Kiswahili ina neno la kuongeza. Ushuhuda wa mkazi wa eneo hilo unapomfikia msomaji wa Montréal umekwisha kupita katika lugha kadhaa: umesemwa kwa Kisukuma au Kiswahili, ukaandikwa kwa Kiingereza, ukanukuliwa kwa Kifaransa. Katika Kiswahili, «niliona wakifukiwa», «nilisikia walifukiwa», «wanasema walifukiwa» na «yasemekana walifukiwa» ni daraja nne za ujuzi, na mzungumzaji wa kawaida huzichagua bila kufundishwa. Neno dogo kama «wanasema» likidondoka njiani, uvumi unageuka kuwa ushahidi wa macho, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtafiti anayenukuu ushuhuda wa namna hii bila kurudi kwenye maneno ya kwanza hajui anashika daraja ipi. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inamfaa mwenye kutahadharisha jamaa zake. Mwandishi wa kitabu cha elimu hawezi kuifanya kanuni yake.

3. Mashtaka na matokeo yake

Kama kasoro hizo zingejadiliwa katika majarida, pengine toleo la pili lingetoka likiwa bora. Shauri lilichukua njia nyingine.

Huko Québec, mabishano ya awali yaliendelea miaka mitatu kabla ya siku ya kusikilizwa kufika. Katikati yake, mwezi wa Juni 2009, Bunge la mkoa huo lilipitisha sheria inayomruhusu jaji kuyakatisha mapema mashtaka yanayotumia mahakama vibaya ili kuziba midomo ya watu katika mambo ya umma, au kumwamuru mlalamikaji kuchangia gharama za mshtakiwa. Mashtaka ya aina hiyo, yanayostahili kuitwa mashtaka ya kunyamazisha, yalikuwa yamechunguzwa na kupewa jina huko Marekani na George Pring na Penelope Canan wa Chuo Kikuu cha Denver tangu miaka ya 1980. Sifa yake kuu ni kwamba mlalamikaji hahitaji kushinda. Inatosha shauri lidumu.

Mwezi wa Agosti 2011, Jaji Guylène Beaugé aliamua kwamba shauri la Barrick lilikuwa na dalili za kutumia mahakama vibaya, akaiamuru kampuni iwalipe washtakiwa zaidi ya dola 143,000 kwa ajili ya utetezi wao. Hata hivyo hakulifuta. Kampuni, kwa maoni yake, ilikuwa na haki ya kusikilizwa juu ya jina lake. Uamuzi huu ulikuwa wa busara, kwani haukumnyima mlalamikaji mlango wala haukumwacha mshtakiwa mikono mitupu. Lakini ulikuja umechelewa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Écosociété ilikubali kuacha kukichapisha kitabu na kuilipa Barrick fedha. Waandishi walishikilia kwamba waliandika kwa nia njema ili kudai uchunguzi. Walikubali pia kwamba hawakuwa na uthibitisho wa kampuni kuhusika kwa namna vyanzo walivyovinukuu vilivyodokeza.

Kukiri huko ni jambo la maana, na mhakiki mwaminifu hana budi kulitaja bila kulipunguza: kunaonyesha kwamba udhaifu uliotajwa hapo juu haukuwa wa kubuniwa na wanasheria wa kampuni. Lakini mapatano si hukumu. Hakuna jaji aliyepima chanzo hiki na kile, akasema huu ni uvumi, huu ni ushahidi. Kitabu kizima kiliondoka, pamoja na kurasa ambazo hakuna aliyezilalamikia.

Huko Ontario, swali lililofika juu lilikuwa dogo zaidi: je, mahakama ya mkoa huo iliweza kusikiliza shauri juu ya kitabu cha Kifaransa kilichotolewa Québec, ambacho nakala 93 tu zilikuwa zimesambazwa Ontario? Tarehe 18 Aprili 2012, Mahakama Kuu ya Kanada ilijibu kwamba iliweza, kwa kuwa kashfa hutendeka pale maneno yanapomfikia msomaji. Kwa ufundi wa sheria, jibu hilo lina mantiki. Kwa mtaalamu lina uzito mwingine: huenda akaitwa popote kitabu chake kilipofika, nacho hufika mbali kuliko mfuko wake. Shauri la Banro nalo lilimalizika kwa mapatano.

4. Mfano unaopinga

Si haki kudai kwamba mahakama haiwezi kamwe kuhukumu kazi ya elimu. Mfano wa London unafundisha kinyume. Mwaka 1996, David Irving alimshtaki Deborah Lipstadt, profesa wa Marekani, pamoja na wachapishaji Penguin, kwa sababu kitabu chake kilimwita Irving mmoja wa wanaokana mauaji ya Wayahudi na mpotoshaji wa ushahidi. Kwa sheria ya Uingereza, Lipstadt alilazimika kuthibitisha alichoandika. Mwanahistoria Richard Evans na wasaidizi wake walitumia muda wa miaka miwili kuyafuata maandishi ya Irving hadi kwenye nyaraka za asili. Tarehe 11 Aprili 2000, Jaji Charles Gray aliamua kwamba Irving alikuwa amepotosha ushahidi wa historia kwa makusudi. Hapo mahakama iligeuka darasa la kusoma vyanzo.

Lakini lazima kuuliza darasa hilo lililipiwa na nani. Mchapishaji alikuwa mkubwa na alikubali kusimama, wafadhili walijitokeza, gharama za utetezi zilihesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Lipstadt alifika hadi hukumu kwa sababu aliweza kungoja, na waandishi wa «Noir Canada» hawakufika kwa sababu hawakuweza. Tofauti ya ubora wa vitabu viwili haitoshi kueleza tofauti ya mwisho wao. Ikiwa ukweli hujulikana tu pale mfuko unapotosha kuungoja, basi kashfa na ushahidi vitatenganishwa na fedha kabla ya kutenganishwa na jaji.

5. Wasiokuwepo

Wahenga walisema pia kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Katika mashauri yote mawili, pande zilizosikika zilikuwa makampuni ya Toronto na waandishi wa Montréal. Wachimbaji wa Bulyanhulu hawakuwa walalamikaji, washtakiwa wala mashahidi. Kama walifiwa, hawakuthibitishiwa. Kama habari ya vifo ilikuwa uvumi, hawakuondolewa uvumi huo.

Athari ya pili inaonekana katika kazi zilizofuata. Mwaka 2012, Deneault na Sacher walitoa kitabu kingine juu ya namna Kanada ilivyokuwa kituo cha makampuni ya madini ya dunia nzima. Kwa Kiingereza kilitolewa Vancouver. Ni kazi iliyoshikamana kuliko ile ya kwanza: inachambua sheria, soko la hisa na historia ya Kanada yenyewe, mambo yenye nyaraka. Lakini uzito umehamia Kanada, na mashimo ya Afrika yamerudi nyuma ya pazia. Iwe kwa hiari au kwa tahadhari, ndivyo mashtaka yanavyoweza kubadilisha mada ya utafiti bila kugusa jina la mtafiti.

Vyuo vikuu vya Afrika havikuwa vimejiandaa kwa adui wa namna hii. Maazimio mawili yanayotajwa mara kwa mara, la Dar es Salaam la mwezi wa Aprili 1990 na la Kampala la mwezi wa Novemba mwaka huohuo, yaliandikwa kwa kuiangalia dola hasa: askari chuoni, mhadhiri aliyefukuzwa, pasipoti iliyonyimwa. Sababu zilikuwepo. Kati ya maazimio hayo mawili ulitokea usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambao hauhitaji kusimuliwa tena katika kurasa hizi. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 imelinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 23 na uhuru wa utafiti wa sayansi katika kifungu cha 46. Lakini kampuni inayopeleka barua ya wakili haivunji katiba. Inatumia haki yake, na chuo kisicho na wakili hunyamaza kwa utaratibu kamili wa sheria.

6. Hitimisho

Kutokana na kisa hiki yanatoka mambo matatu kwa wanaofundisha na wanaojifunza.

La kwanza linahusu mwandishi. Uhuru wa kusema haumwondolei mtafiti deni la kupima vyanzo. Tasnifu juu ya migodi ya Katanga au Kivu ioneshe wazi daraja la kila habari: aliyeona, aliyesikia, aliyeambiwa. Ushuhuda uliotolewa kwa Kiswahili uhifadhiwe kwa Kiswahili, na tafsiri iwekwe kando yake, ili anayetilia shaka arudi kwenye maneno ya kwanza. Nidhamu hiyo ni ya elimu kabla ya kuwa kinga mbele ya jaji, ingawa itafaa kwa yote mawili.

La pili linahusu chuo. Kikikubali tasnifu na kuipa alama, kimekiri kwamba kazi imefuata kanuni zake. Haifai kimwache mwandishi peke yake siku barua ya wakili inapofika. Kitivo cha sheria na kitivo cha fasihi viko katika uwanja mmoja, na kusoma muswada mgumu pamoja kabla haujachapwa hakuhitaji fedha za kigeni.

La tatu linahusu sheria. Heshima ya mtu ni mali yake, na aliyesingiziwa lazima apate mlango wa kugonga. Kinachotakiwa ni jaji aulize mapema, kabla gharama hazijaamua badala yake: je, jambo hili ni la umma, mwandishi aliuliza pande zote, na anayeshtaki anataka jibu au anataka ukimya? Québec ilianza kuuliza hivyo mwaka 2009, na Ontario ikapata sheria yake mwaka 2015. Kifungu cha 74 hakijauliza.

«Noir Canada» hakikuwa kitabu kikamilifu. Kilihitaji wahakiki wakali, wakiwemo wa Kiafrika, ambao wangekirudisha kwa waandishi kikiwa na alama nyekundu pembeni mwa kurasa nyingi. Swali kilichouliza juu ya mwezi wa Agosti 1996 bado halijapata jibu la mahakama yoyote.